Pikipiki ya cc 125 kwa Lami na Vumbi: Jinsi ya Kuitunza na Kuiboresha

Katika ofisi nyingi za halmashauri, vituo vya afya na miradi ya vijijini nchini Tanzania na Kenya, pikipiki inayoegeshwa chini ya mwembe mara nyingi si ile ya bodaboda, bali ni Yamaha DT125, Yamaha XTZ125 au Honda XL125. Hizi ni pikipiki ndogo kwa injini lakini ndefu kwa kimo, zilizobuniwa kwenda kwenye lami na kuingia kwenye vumbi, mchanga na tope bila kubadilishwa kitu. Gurudumu la mbele ni kubwa na jembamba, kwa kawaida la inchi 21, ili lipande jiwe badala ya kuligonga. Madigadi ya mbele imeinuliwa mbali na tairi. Shokapu zina mwendo mrefu, na tumbo la injini limeachiwa nafasi ya kutosha kupita juu ya visiki na makorongo madogo.

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekabidhiwa pikipiki ya namna hiyo kazini, au aliyeinunua kwenye mnada wa mradi uliomaliza muda wake, na sasa anataka idumu, na ikiwezekana iwe bora kuliko ilivyotoka kiwandani. Mfano utakaotumika zaidi ni XTZ125. Kila badiliko litapimwa kwa swali moja: likiharibika Ludewa au Loliondo, fundi wa pale ataweza kulitengeneza kwa spana alizonazo? Kitu kisichopita kipimo hicho, hata kikipendeza vipi dukani, ni mzigo utakaousukuma kwa miguu.

Ijue kwanza ilivyo

XTZ125 ina injini ya mapigo manne yenye silinda moja, inayopozwa kwa hewa, na kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote ni milimita 54. Nguvu yake ni farasi 10 hivi, gia ni tano, na tangi linachukua lita 10 na ushei. Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ya YBR125, pikipiki ya barabarani iliyoenea sana, na ukweli huo mdogo una faida kubwa, kwa sababu vipuri vingi vya ndani vinapatikana hata kwa muuzaji ambaye hajawahi kuiona XTZ. DT125 ni kitu kingine kabisa. Ile ni ya mapigo mawili, ina tangi dogo la pembeni la mafuta ya 2T (oili inayoungua pamoja na petroli), na dereva anayesahau kulijaza huua pistoni ndani ya safari moja. Mengi yaliyomo humu yanaihusu DT pia, ila ya vali na ya kubadilisha oili ya injini yasichukuliwe kama yalivyo.

Kwa mwendo wa kawaida, injini ya cc 125 ya mapigo manne huenda kilomita 35 hadi 45 kwa lita moja, hivyo tangi likijaa lina safari ya zaidi ya kilomita 300. Kinachokatiza safari hiyo mara nyingi ni ubora wa petroli, kwa maana mbali na mji mafuta huuzwa kwa chupa na madumu, na chini ya dumu hukaa maji na uchafu. Chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, weka kichujio kidogo kwenye mpira unaotoka tangini, na ujifunze mahali ilipo skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli la kabureta. Pikipiki inayowaka na kuzimika kila baada ya mita mia chache, mara nyingi inaponywa kwa kuilegeza skrubu hiyo na kuyaacha matone ya maji yatoke.

Vumbi ndilo adui wa kwanza

Kama kuna jambo moja la kufanywa kwa bidii kuliko mengine yote, ni usafi wa chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita eya klina. Vumbi laini la barabara ya changarawe likipita hapo huchanganyika na oili kwenye kuta za silinda na kuzisaga ringi za pistoni polepole, na dalili ya kwanza anayoiona mwenye pikipiki ni moshi wa buluu, wakati ambapo hakuna tena cha kuokoa ila kutoboa silinda upya. Msimu wa kiangazi, chujio likaguliwe kila wiki kwa mtu anayetembea vijijini kila siku, na baada ya kila safari ya kufuatana na magari.

Chujio la sponji lisafishwe kwa mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kamwe si kwa petroli, ambayo hulegeza gundi na inaweza kulipuka. Lifinye kwa viganja viwili, usilikamue kwa kulisokota kama nguo, maana sponji huchanika kwa ndani pasipoonekana. Lianike kivulini hadi likauke kabisa, kisha ulipake mafuta ya chujio. Yakikosekana, oili safi ya injini hufanya kazi. Lifinye tena hadi rangi iwe sawa kila mahali na pasiwepo tone linalodondoka. Sponji kavu haizuii vumbi laini. Ni mafuta yanayolinasa. Chujio la karatasi halioshwi, bali hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje na kubadilishwa linapochoka.

Kazi haijaisha hapo, na hapa ndipo wengi hukosea. Kabla ya kulirudisha chujio, futa ndani ya boksi lake kwa kitambaa chenye unyevu, kisha paka grisi nyembamba kwenye ukingo ambao chujio hukaa. Baada ya wiki moja fungua tena, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe kwenye mpira unaokwenda kwenye kabureta, na ufute. Kitambaa kikitoka cheupe, uko salama. Kikitoka na wekundu wa udongo, kuna hewa inayopita pembeni ya chujio, au mpira wa kabureta umepasuka, au klipu yake imelegea, na hapo hakuna oili ghali itakayoiokoa injini. Mpira huo ukunje kwa vidole na uutazame mwangani, kwa sababu nyufa zake hujificha kwenye mikunjo.

Kwa sababu hiyo hiyo, lile pambo la kuondoa boksi la chujio na kufunga kichujio kidogo cha koni moja kwa moja kwenye kabureta halifai kabisa kwa pikipiki ya kijijini. Linaongeza kelele, linavuruga mchanganyiko wa hewa na mafuta, na kinywa chake hukaa mahali ambapo gurudumu la nyuma hurusha vumbi na maji.

Oili, mnyororo na vali

Oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na klachi, kwa hiyo chagua yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta huifanya klachi iteleze, nawe utadhani imekwisha. Injini hizi huchukua takribani lita moja tu, kiasi kidogo kinachochafuka haraka, na kwenye vumbi au milima ni busara kuibadilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000 bila kusubiri kikomo kirefu kinachoandikwa kwa matumizi ya lami. Nunua chupa yenye muhuri usioguswa, kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu oili ya kughushi ni ya kawaida mno sokoni.

Mnyororo wapakwe nini? Bodaboda wengi hupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini, na kwa siku moja mnyororo hulainika kweli, ila baada ya hapo vumbi hushika na kugeuka msasa unaokula sproketi. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, kisha paka oili nzito ya gia, ya namba 90, kwa ndani ya mnyororo, uiache usiku mzima na ufute ziada asubuhi. Ulegevu upimwe ukiwa umeketi juu ya pikipiki, au mwenzako ameketi, kwa sababu shokapu ndefu inapobonyea, mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) husogea na mnyororo hukaza. Mnyororo uliokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu unaweza kubana kama uzi wa gitaa ukipakia abiria, ukaharibu beringi ya shafti ya gia. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kisha rekebisha kwa kufuata ile iliyokaza zaidi.

Vali hurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ya saa moja ambayo mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi. Toa plagi ili mgandamizo uondoke, fungua vifuniko viwili vya juu na dirisha la pembeni la sumaku (kizalisha umeme cha injini), kisha zungusha injini polepole hadi alama ya pistoni kuwa juu kabisa ilingane na alama ya kwenye kifuniko. Shika kila kidole cha vali, yaani kile chuma kinachoisukuma vali, na ukitikise: vyote viwili vikicheza kidogo, pistoni iko juu katika pigo la mgandamizo, kimoja kikiwa kimebana, zungusha duru moja zaidi. Pengo linalotakiwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, la kutolea moshi likiwa kubwa kidogo kuliko la kuingizia, na namba kamili zimo kwenye kitabu cha pikipiki. Ingiza kipimo cha bati jembamba. Kinapaswa kuteleza kwa msuguano mdogo. Ukikaza nati, pima tena, kwa kuwa skrubu huzunguka nayo.

Watu huogopa vali inayogonga tik-tik na kuidharau iliyonyamaza, wakati mambo ni kinyume. Vali inayolia kidogo ina pengo kubwa mno na itakufikisha nyumbani. Iliyobana haifungi sawasawa, inaungua taratibu, na dalili yake ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi lakini inakataa kiki ikiwa ya moto.

Tairi: badiliko la kwanza kulipia

Mwenye fedha ya kufanya badiliko moja tu anunue tairi. Tairi zinazokuja na pikipiki mpya nyingi za aina hii zimetengenezwa kuridhisha pande zote mbili, na matokeo yake ni kwamba kwenye tope hujaa haraka na kuwa laini kama za lami. Ukiwa mtu wa vijijini kwa sehemu kubwa ya juma, weka mbele tairi yenye vidole vilivyoachana, na nyuma yenye vidole vilivyobanana kidogo zaidi ili isiishe upesi kwenye lami. Gurudumu la mbele ndilo linaloamua kama utaanguka, hivyo usilipunje.

Tatizo la inchi 21 ni kwamba tairi na tyubu zake hazipatikani kwa kila fundi wa pancha, kwa kuwa bodaboda hutumia inchi 17 na 18. Nunua tyubu ya akiba mjini na ubebe ya mbele, kwa maana tyubu ya inchi 21 ikikunjwa kwa uangalifu inaweza kuingizwa kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18 na kukufikisha mjini, wakati ya inchi 18 haiwezi kunyooshwa ikatosha mbele bila kuhatarisha maisha.

Upepo ubadilishwe kufuata njia. Kwenye lami na mzigo, fuata namba za kitabu au za kibandiko cha pikipiki. Kwenye mchanga wa Kilwa au wa Turkana, kushuka hadi psi 18 mbele na 20 nyuma hulifanya tairi litandike na kuelea, ila kwenye mawe upepo mdogo hivyo huibana tyubu kati ya jiwe na rimu na kuitoboa matundu mawili yanayokaribiana. Upepo mdogo una hatari nyingine isiyosemwa sana: ukifunga breki au kuvuta kwa nguvu, tairi huzunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu pamoja nayo. Ndiyo sababu nati ndogo ya valvu ya tyubu isikazwe hadi kwenye rimu, bali isogezwe juu karibu na kifuniko. Siku ukiiona valvu imeinama, toa upepo, irudishe tairi mahali pake, na ushukuru kwamba haijang'oka.

Kupiga pancha peke yako porini ni stadi ya kujifunza nyumbani, mahali palipo na kivuli na maji. Siri ni kuusukuma ukingo wa tairi kwa magoti uingie kwenye bonde la katikati ya rimu, upande ulio kinyume na pale unapofungulia. Ukifanya hivyo vyuma viwili vinatosha, na usipofanya hata vitatu havitoshi. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kwa sababu mwiba wa mgunga unaweza kubaki na kutoboa tena kabla hujafika kijiji kinachofuata. Kitambaa kitanasa, kidole kitachomwa. Paka poda ya mtoto kwenye tyubu, weka upepo kidogo ipate umbo, na umalizie kuingiza tairi pale penye valvu, ukiisukuma valvu juu ili tyubu isibanwe.

Spoki ni sehemu ya habari hiyo hiyo. Gonga kila moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Gurudumu jipya, au lililosukwa upya, likaguliwe mapema baada ya kilomita za mwanzo, kwa kuwa spoki moja iliyolegea huzitwika mzigo jirani zake hadi zinakatika mfululizo.

Sproketi, badiliko rahisi lenye matokeo makubwa

Anayepanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa zile kona za Hamsini na Saba, kisha akaendelea hadi uwanda wa Kitulo, hugundua kwamba gia ya kwanza ni ndefu mno na ya pili haivuti. Sababu si injini mbovu. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo karibu robo ya farasi wale 10 imebaki bondeni. Juu ya hayo, kabureta lililopangwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi huwa nyeusi, na ulaji wa mafuta hupanda. Anayeishi juu daima amwombe fundi aweke jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo hatua moja. Anayepanda na kushuka aliache kabureta lilivyo, kwani mchanganyiko wenye hewa nyingi mno ukirudi bondeni huunguza pistoni.

Kinachomsaidia kila mtu ni uwiano wa sproketi. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 48 (hesabu ya kwako, usikisie). Gurudumu linazunguka mara moja kwa kila mizunguko 3.43 ya sproketi ya mbele. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, namba hiyo inakuwa 3.69, yaani mvuto umeongezeka kwa karibu asilimia 8, na mwendo uliokuwa kilomita 80 kwa saa sasa, kwa mlio ule ule wa injini, ni 74. Ili kupata matokeo hayo kwa kubadilisha ya nyuma ungehitaji meno 52, pamoja na kuongeza mnyororo. Sproketi ya mbele ni ndogo, bei yake ni nafuu, hubadilishwa kwa muda mfupi, na unaweza kuweka ya zamani kwenye begi ukairudisha siku ya safari ndefu ya lami. Gharama yake ni kwamba mnyororo hukunjwa zaidi na kuchakaa mapema kidogo. Usishuke meno mawili kwa pamoja. Hapo injini italia bila kupumzika na mnyororo utaanza kukwaruza mpira wa mkono wa nyuma.

Sproketi mpya ziwekwe pamoja na mnyororo mpya. Mnyororo mchovu juu ya meno mapya huyafanya yafanane nao upesi.

Mzigo, shokapu na fremu ya nyuma

Pikipiki hizi hubeba kisanduku baridi cha chanjo, pembejeo, madumu ya maji, na mara nyingi mtu juu yake. Fremu ya nyuma haikuundwa kwa hayo yote, na hukatika mahali pamoja karibu kila mara, yaani kwenye maungio ya bomba linaloshika kiti na keria. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: osha, kausha, tafuta mstari mwembamba wa kutu kwenye maungio. Ufa ukionekana mapema, fundi wa kuchomelea anaweza kuuziba na kuongeza bamba dogo la chuma, baada ya kutoa waya za betri ili umeme wa kuchomelea usiharibu sidiai (kifaa cha kuwasha plagi) na regileta (kidhibiti cha umeme wa kuchaji).

Badiliko linalofaa ni keria imara yenye miguu inayofika kwenye bolti za vikanyagio vya abiria, ili uzito ushuke chini badala ya kuning'inia nyuma ya kiti. Mifuko miwili ya turubai pembeni ni bora kuliko sanduku moja refu juu, maana mzigo wa juu huifanya pikipiki iyumbe kwenye mchanga na huondoa uzito kwenye gurudumu la mbele wakati wa kupanda mlima.

Shokapu za mbele hufanya kazi kwa mafuta, na mafuta hayo huchoka kama mengine yote ingawa hakuna anayeyakumbuka. Yakibadilishwa kwa kiasi sawa pande zote mbili, usukani unaotikisika kwenye barabara iliyojikunja kama bati hutulia kwa namna inayomshangaza mwenyewe. Sili inayovuja si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ni punje ya mchanga iliyonasa, na kipande cha plastiki laini na chembamba kikipitishwa kuizunguka huitoa. Kwa nyuma, kaza springi hatua moja au mbili ukibeba abiria, na paka grisi bushi za mkono wa nyuma angalau kila mwaka, kabla bolti yake haijashikamana kwa kutu.

Kinga na taa

Bamba la kukinga tumbo la injini linafaa ikiwa ni la alumini au chuma na lina matundu ya kutolea tope. Bila matundu, tope hukauka juu ya injini na kuizuia kupoa. Vikinga mikono vyenye mhimili wa chuma huokoa leva ya klachi na ya breki unapoanguka. Asiyeweza kuvinunua alegeze kidogo bolti za vishikizo vya leva, kiasi kwamba vinazunguka kwenye usukani vikigongwa, na leva nyingi zitapona. Waya wa akiba wa klachi unaweza kupitishwa sambamba na ule unaotumika, ncha zake zikiwa zimefungwa kwa plastiki. Unapokatika njiani, kazi ni ya kuhamisha ncha mbili tu.

Taa ya mbele ya wati 35 ni dhaifu, na watu hukimbilia balbu za LED. Kwanza jua umeme wako ni wa namna gani. Ikiwa taa haiwaki mpaka injini iwake, na mwanga hupanda na kushuka na mlio wa injini, basi inalishwa moja kwa moja na sumaku bila kupitia betri, na balbu nyingi za LED zitawaka na kuzimika, kisha ziungue. Fundi umeme anaweza kuihamishia kwenye betri, mradi ile iliyowekwa ilingane na uwezo wa kuchaji. Kubadilisha ekzosi ili ipige kelele sitakujadili kwa urefu. Hakuongezi kitu kinachoonekana kwenye cc 125, na wanakijiji hukuchukia. Kutanua silinda ni vivyo hivyo, kwani joto huongezeka kwenye injini inayopozwa kwa hewa tu, na siku pistoni isiyo ya kawaida ikivunjika hakuna duka la wilayani litakalokuwa nayo.

Tope na maji

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Mkata au wa Athi, ukinyeshewa huganda kwenye tairi tabaka juu ya tabaka hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Madigadi ya juu husaidia sana, lakini ya nyuma na nafasi ya mkono wa nyuma hujaa vilevile. Beba kijiti kigumu cha kukwangulia, pita kwenye nyasi pembeni penye mizizi, na usiilazimishe klachi kulivuta gurudumu lililokwama, kwani harufu ya kuungua unayoisikia ni sahani zake.

Mto uvukwe kwa miguu kwanza. Maji yanayozidi ekseli za magurudumu yanahitaji tahadhari, na yanayokaribia kiti, ambako boksi la chujio hupumulia, yanakataza. Injini ikimeza maji, usibonyeze starta hata mara moja, maana maji hayagandamiziki na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Toa plagi, toa chujio na ulifinye litoe maji, mwaga bakuli la kabureta, kisha piga kiki nyingi plagi ikiwa nje hadi tundu liache kurusha maji. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ibadilishe, endesha kidogo, uibadilishe tena. Breki ya ngoma ya nyuma itakuwa imelowa. Ishikilie kwa wepesi huku ukienda mpaka uisikie inakamata, na ukifika nyumbani fungua gurudumu uoshe udongo ulioingia.

Ukinunua iliyotumika

Pikipiki za mnada wa miradi huwa zimechoka kwa nje na nzima kwa ndani, au kinyume chake. Fungua chujio kabla ya kuwasha, kwa sababu boksi chafu lina ushahidi wa miaka. Omba uioneshwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto ana sababu. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia usikie bushi, inua la mbele na ugeuze usukani polepole usikie kama beringi zina mahali pa kunasa, na tazama spoki zilizopakwa rangi juu ya kutu. Kisha linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kutoa fedha, na kwa upande wa Tanzania hakikisha muuzaji yuko tayari kukamilisha uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) pamoja nawe, si kukupa karatasi iliyosainiwa tu.